Siku ya tisa baada ya kujifungua: kichwa hicho kisingoje wiki ya sita

Swali: "Habari mkunga. Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza siku tisa zilizopita, njia ya kawaida, nikaruhusiwa kesho yake. Ninaishi Kayole na mama mkwe amekuja kunisaidia. Miguu yangu imevimba kuliko ilivyokuwa nikiwa na mimba. Usiku natokwa na jasho mpaka shuka linalowa. Damu ilikuwa imepungua na kubadilika rangi, lakini juzi ikarudi nyekundu. Na tangu jana mchana kichwa kinaniuma hapa mbele. Nikimeza Panadol kinatulia kidogo kisha kinarudi. Mama anasema hayo yote ni ya uzazi, yataisha. Kliniki niliambiwa nirudi wiki ya sita. Nisubiri?"

Hongera dada yangu, Mungu amkuze mtoto. Jibu fupi ni hili: usingoje wiki ya sita, na usingoje kesho. Ukimaliza aya hii, vaa, mfunike mtoto, mwende wewe na mama mkwe kituo cha afya kilicho karibu ukapimwe presha leo hii. Kayole mnayo hospitali ya Kayole II, na Mama Lucy Kibaki haiko mbali. Kama sasa hivi macho yanafifia au unaona vimulimuli, au una maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, au unapumua kwa taabu, au unatapika, usipange foleni ya kliniki. Ingia upande wa dharura useme: "Nilijifungua siku tisa zilizopita, kichwa kinaniuma tangu jana, miguu imevimba." Anza na hilo la kujifungua, maana tumbo limeshuka na mtoto amebebwa na mwingine, asiyekujua hawezi kukutambua kuwa ni mzazi. Mengine yote niliyoandika yasome ukiwa kwenye benchi.

Kati ya mambo manne uliyoniandikia, matatu yanaweza kabisa kuwa ya kawaida kama anavyosema mama. Kichwa ndicho kilichonifanya nikujibu mbio. Watu wengi, hata waliosoma, wanaamini kwamba presha ya mimba huisha mtoto akishatoka. Ugonjwa huanza kupona baada ya kujifungua, ni kweli, lakini hauishi siku hiyo hiyo. Maji yaliyokuwa yamejaa kwenye nyama za mwili wakati wa mimba hurudi kwenye mishipa ya damu ili figo ziyatoe, na kati ya siku ya tatu na ya sita presha ya karibu kila mzazi hupanda kidogo. Kwa wengi hupanda ikashuka bila wao kujua. Kwa wachache hupanda mno, wakiwemo kina mama ambao kijitabu chao cha kliniki kilionyesha presha nzuri tangu mwezi wa kwanza wa kliniki hadi wa mwisho. Kifafa cha mimba, yaani degedege linalotokana na presha hiyo, kinaweza kumpata mama akiwa tayari nyumbani. Mara nyingi hutokea ndani ya siku mbili za kwanza, lakini hatari haijaisha mpaka wiki ya sita ipite.

Kwa hiyo nikisikia mzazi ana kichwa kinachotulizwa na Panadol kisha kinarudi, siulizi kama amelala vizuri. Najua hajalala, ana mtoto mchanga. Nauliza presha yake ni ngapi. Jicho haliwezi kuiona presha, hata jicho la mtu aliyelea wazazi kumi. Mama anaweza kuwa na presha ya kuogofya huku anacheka na anapika chapati.

Ukifika, hakikisha unapimwa vizuri, kwa sababu kipimo kibaya hudanganya pande zote mbili. Kaa dakika tano kwanza, hasa kama mmetoka kung'ang'ania matatu. Egemeza mgongo, weka miguu yote miwili sakafuni bila kuikunja, laza mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kile kitambaa cha mashine kifungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Usiongee wakati kinabana. Uliza nambari zote mbili na uziandike kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini ikiwa 90 au zaidi, usikubali kurudi nyumbani kabla daktari hajakuona na mkojo haujapimwa protini na damu haijachunguzwa. Ya juu ikifika 160, au ya chini ikifika 110, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Zipo dawa za presha ambazo mama humeza huku ananyonyesha, nifedipini ikiwa mojawapo, na ipo magnesiamu salfeti ya sindano inayozuia degedege. Matibabu yapo, kinachotuulia kina mama ni kuchelewa kuyafikia.

Hapa niseme neno kwa waliozaa kwa upasuaji, ingawa wewe hukupasuliwa. Sindano ya mgongo inaweza kumwachia mama kichwa cha aina yake: kinauma sana akikaa au akisimama, kinatulia akilala chali. Hicho nacho kina tiba, arudi hospitalini aeleze hivyo hivyo. Lakini hata yeye apimwe presha kwanza, kabla ya mtu yeyote kusema "ni sindano tu."

Sasa miguu. Kuvimba miguu yote miwili kwa kiasi sawa, ukibonyeza kwa kidole gumba panabaki shimo kwa muda, ni kawaida kwa mzazi. Ni yale maji yanayotafuta njia ya kutoka, na ukiwa uliwekewa dripu wakati wa uchungu yanakuwa mengi zaidi. Mara nyingi huisha ndani ya wiki mbili hivi. Inua miguu juu ya mto ukinyonyesha, tembeatembea ndani ya ploti, na usipunguze maji ya kunywa kwa kudhani ndiyo yanayokuvimbisha. Kinachonitisha ni mguu mmoja. Kama mmoja umevimba kuliko mwenzake, unauma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, na ukigusa unasikia joto, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Mwili wa mjamzito huifanya damu igande upesi ili mama asipoteze nyingi akijifungua, na hali hiyo hubaki kwa wiki kadhaa. Bonge likitoka mguuni likapanda hadi mapafuni, mama hushikwa ghafla na upungufu wa pumzi, kifua kinamchoma akivuta hewa, pengine anakohoa damu au anazimia. Waliopasuliwa wako kwenye hatari zaidi, na ndiyo sababu nesi huwalazimisha washuke kitandani wakiwa bado wanaugulia. Mguu wa namna hiyo usikandwe. Usichuliwe. Upelekwe hospitali.

Uvimbe wa uso na mikono je? Ukiamka macho yamevimba na pete haitoki kidoleni, huo nao uhesabu pamoja na kichwa, umtajie daktari.

Jasho la usiku ni njia nyingine ya mwili kutoa maji, na homoni zilizoshuka ghafla baada ya kondo kutoka nazo zinachangia. Kwa wiki mbili za kwanza kulowa shuka si ugonjwa. Badilisha leso, kunywa maji, endelea. Lakini jasho linalokuja na baridi, meno yanagongana, mwili unauma kama una malaria, hilo ni jambo jingine. Nunua kipimajoto kwenye kemisti, si cha bei, kitamfaa na mtoto pia. Kumshika mtu paji la uso hakutoshi. Joto la digrii 38 au zaidi kwa mzazi halitibiwi kwa Panadol na blanketi. Huenda kidudu kimeingia kwenye mfuko wa uzazi, kwenye mshono, kwenye titi au kwenye njia ya mkojo, na maambukizi ya uzazi yanaweza kumwangusha mama kwa muda mfupi sana. Harufu husaidia kuamua. Damu ya uzazi ina harufu kama ya hedhi, na hiyo si uchafu. Ikianza kunuka uvundo, na tumbo la chini linauma ukiligusa, nenda siku hiyo hiyo.

Na kwa waliopasuliwa, tafadhali: mshono hauwekewi maji ya moto wala kukandwa. Oga maji vuguvugu, paoshe kwa upole, pakaushe kwa kitambaa safi, pakae pakavu. Pakiwa pekundu na pamevimba, pakitoa usaha au pakiachia, rudi ulikopasuliwa.

Nimeiacha damu mwisho kwa makusudi kwa sababu ndiyo inayochanganya wazazi wengi. Siku tatu au nne za kwanza hutoka nyekundu, na inaweza kuwa na mabonge madogo. Kisha hugeuka ya rangi ya waridi iliyochanganyika na kahawia hadi karibu siku ya kumi, halafu majimaji ya njano au meupe ambayo yanaweza kuendelea hadi wiki ya nne au ya sita. Ukinyonyesha unaisikia ikishuka na tumbo likikaza, kwa sababu homoni ile ile inayosukuma maziwa hukunja mfuko wa uzazi. Kwa mtoto wa kwanza mkazo huo ni mdogo. Waliozaa mara kadhaa huupata wenye uchungu mkali zaidi, na wala hawana ugonjwa.

Sasa kuhusu kurudi kwake. Pale ambapo kondo lilikuwa limeshikamana na mfuko wa uzazi hubaki kidonda kipana, na kidonda hicho hufanya gaga kama kingine chochote. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne gaga hilo hubanduka, na mama anaweza kuona damu nyekundu tena kwa saa moja au mbili, kisha inapungua yenyewe. Kufua nguo za mtoto huku umeinama, au kubeba mtungi wa maji hadi ghorofa ya tatu, navyo huiongeza. Kwa hiyo damu yako ya juzi inawezekana ikawa hiyo. Nataka kujua ilidumu muda gani, na leo ikoje. Kama ilikuja ikapungua, umepona hapo. Kama tangu juzi inaendelea kuwa nyekundu, au inaongezeka, huenda kipande cha kondo au utando kilibaki ndani, au kuna maambukizi, na utahitaji kupigwa picha ya tumbo. Mwambie daktari habari hiyo leo hata kama presha yako ni nzuri.

Kiasi cha hatari ni hiki: pedi moja kubwa kulowa chapa ndani ya saa moja au chini ya hapo, au bonge kubwa kuliko yai la kuku, au damu yoyote inayoambatana na kizunguzungu, moyo kwenda mbio, midomo kupauka na jasho baridi. Hapo hakuna kutafuta ushauri wa simu. Mama alazwe, asiachwe peke yake, gari litafutwe. Wakati mnangoja, akojoe kama anaweza, kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi kukaza, na mtoto awekwe titini. Hii ndiyo sababu nawaomba wazazi watumie pedi badala ya vitambaa vilivyokunjwakunjwa: pedi zinahesabika. Kutokwa na damu nyingi ndiko kunakoua kina mama wengi zaidi duniani, na magonjwa ya presha yanafuata.

Mimi huwaambia wazazi wangu wapime kwa mwelekeo. Damu, maumivu, uvimbe na uchovu vinapaswa kupungua siku hadi siku, hata kama ni polepole. Kilichokuwa kimepungua kikarudi na kukaa, au ambacho leo ni kibaya kuliko juzi, kinatakiwa kuonwa na mtu mwenye vipimo. Kipimo hicho kinashindwa mahali pawili tu: presha na bonge la damu mapafuni, kwa sababu hivyo huja bila kupiga hodi.

Mengine nitayapitia haraka maana najua utayaulizia. Maziwa huingia kwa wingi kati ya siku ya pili na ya tano na matiti hujaa yakawa mazito. Nyonyesha mara nyingi yatalegea. Titi likiwa na sehemu moja ngumu, nyekundu, yenye joto, na homa juu yake, usimwachishe mtoto, endelea kulinyonyesha na uende ukapate dawa. Nywele huanza kukatika karibu mwezi wa tatu na huota tena, hakuna shampuu unayohitaji. Tumbo huchukua miezi. Leso ya kulifunga haina ubaya ikiwa hailikazi hadi ukashindwa kupumua. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa endelea navyo, ila usivimeze na chai, inaviharibia kazi. Mkojo kuponyoka ukikohoa ni jambo la kawaida na hurekebika. Lakini mkojo au choo kinachovuja muda wote bila kujizuia, hasa baada ya uchungu mrefu, ni fistula, na hutibiwa kwa upasuaji. Asikae nao mtu kwa aibu.

Moyo nao usisahauliwe. Kuna ugonjwa wa moyo unaoanza mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, na dalili zake hufanana sana na uchovu wa mzazi: kushindwa kulala chali kwa kukosa hewa, kikohozi cha usiku, miguu kuvimba badala ya kupungua, kuhema kwa hatua chache. Mzazi anayelazimika kulala ameketi kwa mito mitatu hana "vumbi la Nairobi kifuani". Apimwe moyo.

Machozi ya wiki ya kwanza, yale yanayokuja bila sababu, huwapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au ukiwa huwezi kulala hata mtoto akiwa amelala, huoni maana ya chochote, unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu leo, na mwambie nesi kwa maneno hayo hayo. Ukiwa au mwenzio akiwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaongea mambo yasiyoshikamana, hiyo ni dharura sawa na kutokwa na damu.

Nirudi kwa mama mkwe wako. Nimefurahi yuko. Uji wa wimbi, njahi, supu, mtu wa kumbeba mtoto ulale saa mbili, hayo ni matunzo ya kweli na hospitali haiwezi kukupa. Usimwendee kwa kumpinga. Mwambie: "Mama, nimekusikia, na huenda ni ya uzazi kweli. Nisindikize tu tukapime presha nitulie." Wazee wengi hukubali wakiombwa wasindikize, na ninamhitaji awe upande wetu, kwa sababu yeye ndiye atakayekuona kwanza ukibadilika.

Kuna jambo linaloniumiza katika kazi hii. Kwa mujibu wa utafiti wa taifa wa 2022, karibu akina mama 9 kati ya 10 nchini hujifungua mikononi mwa mtaalamu. Tumefika mbali. Lakini kesho yake mama anaruhusiwa, na tangu hapo macho yote yanahamia kwa mtoto. Nimeona mzazi amekaa kwenye foleni ya kupima watoto uzito, ameshika paji la uso kwa kiganja. Mtoto akavuliwa nguo, akapimwa, akasifiwa kuongezeka. Mama hakuulizwa neno. Nilipomfunga mashine mkononi, presha yake ilikuwa ya kulazwa. Sensa ya 2019 ilikadiria kina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai Kenya, na sehemu kubwa ya hatari hiyo iko baada ya mtoto kutoka.

Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe angalau mara nne: akiwa kituoni katika saa 24 za kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Siku yako ya tisa imo ndani ya ziara ya tatu. Kwa hiyo huendi kumsumbua mtu; unakwenda mahali ulipopaswa kuitwa. Na kama wasiwasi ni pesa, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura. Tenga nauli ya usiku mahali panapojulikana, mpatane na jirani mwenye gari, na mama mkwe awe na nambari ya dharura 999 au 112 kwenye simu yake.

Ukipimwa leo na presha ikawa sawa, lakini kichwa kikaendelea, rudi upimwe tena kesho. Kipimo kimoja kizuri hakifungi habari. Ikiwa imepanda, utapewa dawa na tarehe za kurudi, na usiziache kwa kuwa kichwa kimetulia. Ipimwe tena wiki ya sita, na baada ya hapo kila mwaka, kwa kuwa aliyewahi kuwa na presha ya uzazi huwa rahisi kuipata tena ukubwani. Na mimba ijayo Mungu akijalia, nenda kliniki mapema, kabla ya wiki ya 16, ueleze yaliyokupata sasa. Iko aspirini ya kipimo kidogo ambayo daktari anaweza kukuanzishia mapema kupunguza uwezekano wa presha hiyo kurudi, na haifanyi kazi ipasavyo ikianzwa tumbo likiwa tayari kubwa.